Viatu Vilivyofungwa

Tarehe 4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji, ambaye nasikia friji mbovu za mtaa mzima zinamngojea yeye. Sisi huku wazima, ila harusi imetunyima usingizi. Dukani mapazia yamerundikana, wateja wananilaumu, na akili yangu yote iko ukumbini.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu tutagombana, na sheria ya marehemu baba unaijua: wanaotaka kugombana wachukue karatasi, kwa kuwa karatasi haimkatizi mtu. Tulipokuwa wasichana tulipitishiana barua chini ya mlango wa chumba mpaka mama akawa anazifagia. Sasa tuko miji miwili, lakini sheria ni ileile.

Nije kwenye jambo lenyewe. Harusi ya binti yetu ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Tumekubaliana na upande wa pili kwamba watoto wadogo wasije, maana ukumbi si mkubwa. Na kusema kweli nimemfikiria sana mtoto wako. Spika zile, taa zile, watu wale wote, atateseka bure. Mtafutieni mtu wa kukaa naye, hata yule mama jirani yenu, mje wawili mjinafasi. Wewe nawe unastahili siku moja ya kukaa chini ukala chakula kikiwa bado cha moto.

Usinielewe vibaya. Unajua ninavyompenda.

Dada yako


Tarehe 9 Machi

Dada,

Barua yako nimeisoma kazini, pasi mkononi, na nimeunguza shati la mtu. Mwenyewe alipokuja nilimwambia ukweli: nilikuwa nasoma barua ya dada yangu. Akanitazama akasema basi pole.

Watoto wadogo wasije. Vizuri. Sasa nieleze, mbona binamu yetu mwenye mapacha amenipigia jana kuniuliza suti za wanawe zipigwe pasi vipi, kwa kuwa wao ndio watakaobeba pete? Mbona kadi yake imeandikwa “na familia”, na yangu imeandikwa “Bwana na Bibi”? Mapacha hao hao mwaka jana walivunja kioo cha kabati lako, ukacheka ukasema watoto ni watoto. Kweli, kunya anye kuku, akinya bata kaharisha.

Na “mtoto wako” ndiye nani? Ana jina la nyumbani, dada, na aliyempa ni wewe. Siku ya msiba wa mama alikaa mlangoni kwako, hajafika hata miaka mitatu, akamvua kila mgeni viatu, akatazama miguu yake, akaweka na wake pembeni kulinganisha, kisha akavipanga viatu ukutani kwa ukubwa. Ulicheka katikati ya kilio. Ukasema huyu ni Inspekta, hapiti mtu bila kukaguliwa. Mpaka leo anakwenda miaka kumi na salamu yake ni ileile. Maneno hana, miguu anayo. Mimi na baba yake tuna vidole vya kawaida, hatutazamwi mara mbili. Lakini akikutana na vidole mapacha kama vyake, cha pili na cha tatu vimeshikana mpaka kwenye kucha, kama vya marehemu mama, kama vyako, kama vya bibi harusi, hapo haondoki. Hukaa na mguu huo kama mtu aliyekutana na ndugu yake safarini.

Unasema atateseka. Mimi ndiye ninayeishi naye, kwa hiyo niulize mimi. Ana vizibo vya masikio alivyotengenezewa na baba yake. Tutakaa karibu na mlango. Akizidiwa huingia chini ya meza, kitambaa kikamficha, akavuma huko ndani kama friji iliyopona, haya ni maneno ya baba yake, na akitulia hutoka. Hajawahi kuharibu sherehe ya mtu. Wanaoharibu ni watu wazima, kwa macho yao.

Tutakuja watatu. Ukitaka, weka mlinzi mlangoni.

Mdogo wako


Tarehe 13 Machi

Mdogo wangu,

Una ulimi mkali kuliko sabuni ya kazini kwako. Haya, njooni watatu. Kuhusu mapacha, hao wana kazi ya pete, si wageni. Lakini sitaki kubishana.

Naomba tu mnisaidie. Mtakaa meza ya nyuma, karibu na mlango wa jikoni, ili mkitaka kutoka msipite katikati ya watu. Asiletwe meza kuu. Na nakuomba kama dada yako, avae viatu. Viatu vilivyofungwa, na soksi, na asivivue hata kidogo. Ukumbi una vigae vinavyoteleza, na picha za harusi ni za maisha.

Jambo la mwisho. Watu wa upande wa pili ni wachangamfu, watakuja kuongea nawe. Wakikusifu kwa lolote, shukuru, usianze historia. Wewe ukiulizwa saa ngapi unaeleza saa inavyotengenezwa.

Bibi harusi anakusalimu. Amebanwa sana, usimpigie simu.

Dada yako


Tarehe 17 Machi

Dada,

Nimenunua buti za kamba. Kila asubuhi tunafanya mazoezi. Siku ya kwanza alilia mpaka akapoteza sauti, jana alivumilia mpaka chakula cha mchana. Kwa nini mtu afungwe miguu ndipo apokelewe ukumbini, sijui. Nafanya kwa sababu ni harusi ya binti niliyembeba mgongoni kabla sijajua kubeba wangu.

Lakini nimeona. Barua nzima ya harusi, na maneno mengi umeyaweka kwenye viatu. Kuna kitu unakificha, dada, na hujawahi kujua kuficha. Ulipokuwa unaiba sukari ulikuwa unaifuta midomo kabla hujaulizwa.

Mdogo wako


Tarehe 2 Aprili

Wewe,

Sitaki salamu zako wala sikuletei zangu.

Umeridhika? Nilikuomba mambo madogo, hata moja hukuweza. Nilikuwa nimekaa na mama wa bwana harusi, tunamsubiri mpiga picha, nikaona kitambaa cha meza kuu kinatikisika. Nikajua. Mwanao alikuwa amepita chini ya meza za watu kama paka, akafika kwa binti yangu, akamvua viatu vya harusi vyote viwili, vile vya kamba za kuzungushia kifundoni tulivyovitafuta mwezi mzima. Na yeye mwenyewe pekupeku. Wewe ulikuwa wapi? Umesimama na shangazi wa bwana harusi, mdomo wazi.

Ndugu tumeitwa kwenye picha. Binti akasimama bila viatu mbele ya ukumbi mzima, mtoto kamshika gauni, miguu yao imepangwa pamoja pale mbele. Yule shangazi akaja, akavaa miwani, akainama. Akatazama vidole vya mtoto. Akatazama vidole vya bibi harusi. Halafu akageuka akatazama miguu yangu, na mimi nimevaa kandambili za dhahabu, wazi mbele, kwa sababu nani hukumbuka miguu yake mwenyewe siku ya kumwoza mwanawe? Alivua miwani akaifuta.

Umenivua nguo mbele ya wakwe. Tangu siku hiyo mama wa bwana harusi hajanipigia hata simu moja. Ndoa ina siku chache tu na tayari imenunua matatizo, na muuzaji ni wewe.

Dada yako


Tarehe 5 Aprili

Dada,

Inspekta hakukuvua nguo. Alivua viatu. Nguo ulizivua mwenyewe siku ulipofungua mdomo kwa wakwe zako.

Sasa kaa chini, nikueleze nilikuwa wapi, kwa sababu karatasi haimkatizi mtu.

Nilikuwa meza ya nyuma, pale mlango wa jikoni unapompiga mtu mgongoni kila mhudumu akipita. Mwanangu amevaa buti zake, anavumilia kuliko wazee wengi waliokuwa mle. Akaja shangazi wa bwana harusi. Akaishika mikono yangu yote miwili, machozi yanamlengalenga, akasema, “Mungu akulipe, mama. Kumchukua mtoto asiye wa damu yako, tena mwenye hali hii, si kila mtu anaweza. Dada yako alitueleza yote.”

Nilidhani amekosea meza. Nikamtazama mume wangu, naye ameshika kijiko hewani. Akamuuliza yule mama kwa adabu, walielezwa nini hasa. Akaeleza. Kwamba tulikosa mtoto, tukamchukua huyu akiwa mchanga, asili yake haijulikani, na hali yake hiyo alikuja nayo kutoka huko alikotoka. Mwanamke wa watu alikuwa ananisifu, dada. Kila neno lilikuwa sifa, na kila sifa ilikuwa inanichoma.

Hapo ndipo mshereheshaji akaita picha ya ndugu wa damu wa bibi harusi. Nikainuka kwa mazoea. Yule shangazi akanishika bega akasema nenda tu, mtoto atabaki naye yeye. Nikageuka. Kiti kitupu. Buti ziko chini yake, zimepangwa vizuri, soksi ndani.

Kumbe aliyejua ni ndugu wa nani ni yeye peke yake.

Nilimzaa, dada. Ulikuwepo. Ulinishika mkono chumba cha kujifungulia, nikakung'ata, na kovu unalo. Wewe ndiye uliyempokea kutoka kwa mkunga, ukamfunua miguu, ukapiga kelele wodi nzima, “Huyu wangu! Ana mapacha!” Mimi mwenyewe sikuvipata vidole hivyo, nikamzaa mtoto mwenye miguu yako. Ukaja kumkana. Ukamfunga buti kwa mikono yangu mimi, nikamfundisha kuvumilia maumivu asubuhi baada ya asubuhi ili uongo wako usionekane, na mimi sijui. Hilo sitalisahau. Mengine labda, hilo hapana.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako imekomea kwenye kidole cha mguu.

Usiniombe radhi. Sina pa kuiweka. Nenda kwa wakwe zako, kaa sebuleni kwao, sema kwa mdomo wako kwamba yule mtoto amezaliwa na mdogo wako, ni damu yako, na wewe ulidanganya. Hicho tu.

Mdogo wako


Tarehe 11 Aprili

Mdogo wangu,

Ni rahisi kuwa na hasira ukiwa hukuwa chumbani.

Siku ya kwanza walipokuja kwangu, mama wa bwana harusi alisimama mbele ya picha ukutani, ile tuliyopiga kwako, mtoto anatazama pembeni. Akauliza huyu ni nani. Nikasema wa mdogo wangu. Akauliza hali yake ni ya kuzaliwa nayo? Katika ukoo wenu kuna wengine? Aliuliza polepole, kikombe mkononi, na binti yangu yuko mlangoni na trei. Neno likanitoka. Wa kulea. Lilitoka lenyewe, na nilipolitazama lilikuwa limeshaingia masikioni mwao, nikaongeza mengine ya kulisindikiza.

Ningefanyaje? Niwaambie ndiyo, uko kwenye damu, mkae chini mpige hesabu ya wajukuu? Wewe ungesema hivyo mbele ya mchumba wa mwanao? Wewe umezoea kutazamwa. Binti yangu hajazoea, na sikumlea aje azoee.

Siendi kwa mtu. Wamenyamaza, huenda yamepita. Maji yakimwagika hayazoleki, usinilazimishe kupiga magoti na kitambaa.

Dada yako


Tarehe 16 Aprili

Mama mdogo, shikamoo,

Natumaini barua hii itakufikia kabla hasira hazijafika kwangu, ingawa hata mimi nina fungu langu.

Nilimwomba mama kwamba Inspekta atangulie mbele yangu nikiingia ukumbini. Nilipanga kila kitu. Nilipanga tuingie kimya, muziki uanze tukishakaa. Nilipanga tuingie pekupeku, mimi na yeye, maana ndivyo tunavyosalimiana tangu akiwa mdogo. Mama akaniambia alikuuliza ukakataa, kwamba hutaki mwanao awe maonyesho ya watu. Nikanuna. Ndiyo maana sikukupigia. Nilikaa meza kuu nimekukasirikia, mama mdogo, nakuona kule nyuma kwenye mlango wa jikoni, nasema moyoni, kumbe hata yeye anamwonea aibu. Nisamehe kwa hilo.

Habari ya mtoto wa kulea sikuijua. Nimeisikia baada ya harusi, kwa shangazi, mbele ya mume wangu. Nilitamani sakafu inimeze.

Lakini kuna jambo moja mama hajui, na nataka wewe ulijue. Nilisikia mikono midogo inafungua kamba za viatu vyangu. Nilijua ni nani kabla sijatazama, alikuwa anavuma. Nilikuwa na nafasi ya kuurudisha mguu. Mama alikuwa ananitolea macho niurudishe. Nikausogeza mbele. Kisha nikampa na wa pili. Basi mama asiseme mtoto amenivua viatu. Nilimpa.

Sitamsemea mama kwa wakwe. Aliyefunga fundo alifungue. Hata hapa nilikoolewa kuna milango ambayo bado naitazama bila kuielewa, na nimejifunza kuuliza polepole.

Mwanao


Tarehe 20 Aprili

Dada,

Mwanao ameniandikia. Kwa hiyo nilikataa Inspekta atangulie harusini? Lini? Nilikuwa wapi nilipokataa? Ulimdanganya mkwe ukamdanganya mwanao ukanidanganya mimi, kila mtu na uongo wa kipimo chake, kama mapazia yako.

Umesema nimezoea kutazamwa. Hapana. Hakuna anayezoea. Nimejifunza tu kuwatazama wanaonitazama mpaka wao ndio wageuke, na siku moja ningependa kupanda basi nikachungulia dirishani kama watu wengine.

Mficha uchi hazai, na mimi nilizaa. Usiniandikie mpaka uwe umekwenda. Ukiniandikia kabla, barua nitaifungia nguo za wateja.

Mdogo wako


Tarehe 30 Mei

Mdogo wangu,

Nimekwenda.

Nilipiga hodi jana mchana, bila taarifa, ili nisipate nafasi ya kujipanga. Mama wa bwana harusi alinikaribisha sebuleni. Sikukaa. Nilisema nimesimama, mkoba begani. Nikasema yule mtoto ni wa mdogo wangu, alimzaa, nilikuwepo, ni damu yangu na ana miguu yangu, na nilikudanganya kwa sababu uliniuliza juu ya ukoo nikaogopa. Nilisema yote kwa pumzi moja.

Aliweka chini ushonaji wake, akainuka, akasema, “Njoo.”

Tulipita koridoni, tukapita jikoni, mpaka chumba cha mwisho. Mlango una komeo kwa nje. Akafungua. Ndani kuna mwanamume mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, amekaa sakafuni na beseni la vibanio vya nguo, anavipanga kwa rangi. Hakututazama. Alikuwa anavuma, mdogo wangu. Sauti ileile.

“Mdogo wangu wa mwisho,” akasema.

Siku ya harusi walimwacha na jirani, komeo limefungwa. Kumbe siku ile kwangu hakuuliza ili atuhukumu. Aliuliza kwa sababu alikuwa anatafuta kujua kama tuna wetu, maana tukiwa na wetu hatutawacheka. Na mimi nikamwambia sina. Basi naye akafunga mlango wake vizuri zaidi. Ananiambia tangu binti yetu aolewe humo wanagombana: binti ndiye anayempelekea huyo mdogo wake chai, na kila akitoka huacha mlango wazi.

Nitakwambia nilichokiona kisha usinirudishie. Nilimwona Inspekta ana miaka hamsini, na komeo hilo nimelitia mimi kwa mkono wangu.

Tulirudi sebuleni. Alilia kidogo, nami nikalia. Akasema sasa tumejuana, yaishe hapa, kati yangu mimi na yeye, watu wa nje wasijue. Nikakubali. Tukanywa chai. Nilitoka pale nikiwa mwepesi.

Nimefanya ulichotaka. Naomba na sisi yaishe.

Dada yako


Tarehe 4 Juni

Dada,

Umekwenda. Nimesoma mara ya kwanza nikakaa chini. Nimesoma kwa sauti mume wangu akasikia, akatoka nje, na huyo si mtu wa kutoka nje. Ulisema ukiwa umesimama. Hilo nalipokea, na sitalidharau.

Kisha nikasoma tena mwisho wa barua, na hasira ikarudi na ndugu zake. Mlikunywa chai. Yeye mlimrudishia komeo, au mlimwacha wazi? Hukuandika. Mliingia chumbani kwake, mkamtazama kama pazia lenye doa, mkatoka, mkalia, mkawa wepesi. Wewe na yeye mmejuana. Yeye amejuana na nani? “Yaishe kati yetu.” Uongo ulikuwa mmoja, dada, sasa mmeufanya ushirika.

Sikukutuma ukatafute mtu wa kuficha naye. Nilikutuma ukaseme, na kusema ukishaanza hakuishii sebuleni.

Basi nisikilize. Jumapili ya kwanza ya mwezi wa saba, Inspekta anatimiza miaka kumi. Spika hakuna. Shemeji yako amekataza hata redio. Mkwe wako nimemwandikia kadi, nimeipeleka kwa mkono wa binti yetu ili isipotee, na nje nimeandika kwa wino mzito: “na familia”. Aje na mdogo wake. Asipokuja naye asije, mwambie hivyohivyo, usiipake sukari. Kama anaogopa macho ya watu barabarani, mume wangu atawafuata na gari la friji. Mbele wanakaa watatu. Vibanio asibebe. Nafua nguo za mtaa mzima, ninavyo vya kila rangi. Na meza yangu nimeitandika kitambaa kirefu, atakayezidiwa aingie chini, awe mkubwa au mdogo. Hata mimi nimeshawahi kuingia.

Wewe nawe uje. Sijakusamehe, usije ukifikiri nimekusamehe. Buti zile ziko bado chini ya kitanda na kila nikifagia nazigusa. Lakini tangu harusi Inspekta hukaa mlangoni kila jioni, kila mgeni anamvua viatu, anatazama, kisha anamrudishia. Wa kwanza, wa pili, wote. Hampangii mtu viatu ukutani siku hizi. Baba yake alidhani amechoka na mchezo. Mimi namjua. Kuna miguu anaitafuta, na bibi harusi alishakuja tukaona si yake.

Njoo mapema kabla ya wageni. Na usivae soksi.

Mdogo wako